Shika Kichwa, Usiachie

Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika hata na watu wa nyumbani kwake. Mumewe, fundi cherehani, akimtafuta kwa majirani alikuwa anauliza, "Jamani, mmemwona Mama Machela?" Mama mkwe wake alikataa kumwita hivyo miaka mingi, akisema hilo si jina la binadamu, lakini mwisho naye alichoka, akafuata mkumbo. Machela ni kile kitanda cha kubebea wagonjwa. Ukisikia mwanamke anaitwa kwa jina la kitanda, ujue kuna ugomvi nyuma yake. Ugomvi wenyewe ulikuwa huu: kwa miaka kumi na tisa aliingiza kitanda hicho hospitali kikiwa na mgonjwa juu yake, na kwa miaka kumi na tisa hospitali ilikuwa ngumu kukirudisha.

Kazi hiyo hakuitafuta. Alikuwa mfagizi wa wodi. Siku moja kuna mgonjwa alikuwa anahamishiwa hospitali kubwa, wa kumsindikiza hakuna, daktari akageuka huku na huku akamwona yeye. "Wewe mama, weka hilo fagio chini. Shika chupa hii juu, na usiishushe." Akaishika ile chupa ya dripu saa mbili nzima, barabara ni mashimo matupu, mkono ukafa ganzi mpaka begani. Mgonjwa akafika yuko hai. Kesho yake mfagizi akaenda ofisini akasema hafagii tena, anataka kazi ya garini. Wakamcheka. Akasimama mlangoni mpaka jioni, na kesho yake tena, na kesho kutwa. Siku ya nne wakampeleka mafunzo ya wiki sita, nadhani wapate tu kupita mlangoni kwao.

Huko alifundishwa mambo matatu akayashika kama sala. Hewa kwanza. Damu pili. Na mtu aliyeanguka kutoka juu usimkunje, usimkalishe, usimsogeze, maana uti wa mgongo ukishavunjika ni kama yai lililopata ufa: likiachwa limetulia linaweza kupona, likitikiswa linamwagika.

Jambo ambalo hakufundishwa ni wema wa watu. Hilo alilikuta barabarani. Mtu mbaya unamwona anakuja, utamkwepa. Mtu mwema anakuja anakimbia na kikombe cha maji, anammiminia mdomoni mtu asiye na fahamu, maji yanaingia mapafuni. Mtu mwema anamkuta mwenzake kaanguka, anamnyanyua kwa makwapa, "Pole ndugu yangu, simama, simama," na huyo ndugu yake hasimami tena maisha yake yote. Mama Machela alishaona mambo hayo mpaka akawa anarudi nyumbani sauti imekauka.

"Leo umemwokoa nani?" mumewe alikuwa anamuuliza bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Nimwokoe nani! Nimegombana tu."

"Basi na mimi nimeshona tu. Chakula kipo."

Dereva wake alikuwa mwanamume mrefu mwenye shingo kama mpini, aliyeitwa Taratibu. Jina hilo kwa dereva wa gari la wagonjwa ni kama tusi, na mwanzoni Mama Machela alilitumia hivyo hivyo, kama tusi. Kila wakifika kwenye tuta, Taratibu anashusha mwendo mpaka gari linapanda kama mjamzito kwenye ngazi. "Wewe, unabeba mgonjwa au unabeba mayai?" Taratibu anajibu, "Wewe mgonjwa umemwona, tuta hujaliona." Ilimchukua mwaka mzima kukubali kwamba mwenzake ana akili. Hakumwambia.

Machela ya gari lao ilikuwa moja. Chini ina magurudumu, juu ina bao la plastiki ngumu linalofunguka katikati kama kitabu, ili mwenye mgongo mbovu apitishiwe nusu huku na nusu huku bila kuinuliwa. Zamani walikuwa na ubao wa akiba. Uliingia mapokezi na mgonjwa, haukutoka, na baada ya miezi Mama Machela aliuona ofisini kwa watu umekuwa rafu ya mafaili. Vile vizuizi vya sponji vya kuwekwa pembeni mwa kichwa navyo vilikwenda njia hiyo hiyo. Ndiyo maana mlangoni mwa gari mkubwa wao alibandika karatasi: GARI LISITOKE BILA MACHELA. Aliibandika, akaenda zake. Wazo la kununua ya pili halikumjia.

Basi Jumanne moja, saa mbili asubuhi, walimleta babu mmoja mwenye ugonjwa wa pumzi. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi, midomo imeingia rangi ya majivu. Bawaba ya kuinulia upande wa kichwa wa machela ilishakufa siku nyingi, kwa hiyo walikuwa wamemwegemeza kwa mablanketi yaliyoviringishwa, na kila baada ya muda mzee anateleza, wanamvuta juu. Mapokezi ya dharura wakamtia mpira wa oksijeni puani, wakamwacha pale pale kwenye korido, juu ya machela. Mama Machela akasubiri nusu saa. Akasubiri saa nzima. Saa tatu na nusu akamfuata Sista Mkuu, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyekuwa anatembea haraka huku ameshika vitu vitatu.

"Sista, naomba machela yangu."

"Yako? Uliinunua lini?"

"Ya gari. Na gari haliruhusiwi kutoka bila hiyo."

"Basi lisitoke. Hebu angalia mwenyewe, Mama Machela, macho unayo. Vitanda kumi na viwili, watu kumi na tisa. Nikikupa machela, huyu mzee nimlaze wapi, mgongoni kwangu?"

Akaangalia. Kweli tupu. Watu walikuwa kwenye mabenchi, wengine chini kwenye khanga zao, na sista mmoja anawaruka kama mtu anayevuka madimbwi. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Sista Mkuu angekuwa mtu mbaya, angemtukana, akapata nafuu. Sasa unamtukana vipi mtu anayesema kweli?

Akarudi kusimama kando ya machela, mikono kiunoni. Taratibu alikuwa nje anafuta vioo vilivyokwisha kuwa safi.

Saa nne kasoro robo simu ya Mama Machela ikalia. Alikuwa mpokea simu wao wa kituoni, kijana wa watu mwenye sauti ya kusinzia hata habari ikiwa ya moto.

"Mama, fundi bati kaanguka kutoka juu ya paa. Nyumba ya ghorofa moja. Yuko macho, lakini anasema hasikii miguu."

"Gari la pili?"

"Liko gereji."

"Nipe namba ya aliyepiga." Hakuuliza zaidi. Akapiga hapo hapo, amejibanza ukutani, kidole sikio la pili.

"Haloo! Mnakuja?" Sauti ya mwanamume, anahema.

"Wewe nani?"

"Mimi shemeji yake. Nimemwoa dada yake. Tunaezeka pamoja."

"Ana fahamu?"

"Anazo! Anatukana!"

"Vizuri. Anayetukana anapumua. Sikiliza shemeji. Simu iweke sauti kubwa, iweke chini. Kaa chini, nyuma ya kichwa chake. Umekaa? Shika kichwa, kiganja huku na kiganja huku. Usikiinue. Usikigeuze. Usikivute. Kibaki kama kilivyo, macho yake yatazame juu. Viwiko vyako viegemeze magotini usichoke. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Sasa usiachie. Mtu akikwambia achia, mwambie mpaka Mama Machela aje."

"Mama nani?"

"Machela! Usiachie!"

Kwa mbali alisikia sauti nyingine, nzito, ya mtu aliyezoea kuamuru. "Mambo gani haya ya kumshika kama kuku? Leteni pikapu. Tumpakie tumpeleke." Shemeji akasema, "Huyo ni msimamizi wetu wa kazi." Mama Machela akahisi jasho linamtoka kwapani. Pikapu. Wanamnyanyua wanne, mmoja kila kona, katikati anapinda kama chandarua, halafu mashimo ya barabara yanamalizia. Miguu ya mtu ilikuwa kule chini ya paa lile, inangoja kuamuliwa, na yeye yuko kwenye korido analinda kitanda.

"Mzee," akamwambia babu, bila kujua anamwambia nini.

Babu alikuwa ameteleza tena. Alikuwa ameshika kingo mbili za machela, anajaribu kujivuta juu, na akavuta pumzi fupi fupi kabla ya kila neno. "Mwanangu... hiki kitanda... kinaniua. Nyumbani... nalala... nimekaa."

Mama Machela alitamani kujipiga kofi. Wiki sita za mafunzo na miaka kumi na tisa ya barabara, na anakumbushwa na mgonjwa mwenyewe! Mtu wa pumzi hatakiwi kulala. Akilala kifua kinamlemea, akikaa mapafu yanapata nafasi. Kwa saa mbili walikuwa wanagombania kitanda ambacho mzee hakihitaji hata kidogo. Alichohitaji ni kiti chenye mikono.

Akatazama korido yote. Mabenchi yamejaa, na hayana mikono wala mgongo. Viti vya plastiki vilikuwa viwili, kimoja kimekatika mguu, kingine kimewekewa beseni. Kiti chenye mikono kilikuwa kimoja tu jengo lile zima la mapokezi, nacho kilikuwa dirishani, chini ya makalio ya karani anayeandika majina. Kiti cha sponji, kipana, na mgongoni kimeandikwa kwa rangi nyeupe: KARANI. USIKALIE.

"Bwana karani, naomba hicho kiti."

"Kiti kipi?"

"Hicho ulichokalia. Kuna mgonjwa hawezi kupumua."

Karani akatazama, akarudi kwenye daftari lake. "Mgonjwa ana machela. Mimi nikae wapi?"

"Simama."

"Nisimame niandike majina? Mama, hiki kiti nilikiombea miaka minne. Kila mtu humu anakitaka. Juzi wa famasi walikibeba mchana, nikakikuta kimewekewa maboksi."

Kwenye simu shemeji akapiga kelele, "Mama, pikapu inarudi nyuma!"

"Usiachie!" Mama Machela akafoka.

Karani akashtuka. "Sasa unanifokea mimi?"

"Sikufokei wewe! Ngoja, nakufokea na wewe pia. Kuna mtu mgongo umevunjika, anataka kupakiwa kwenye pikapu kama saruji, na wewe unanihadithia maboksi!"

"Niletee kikaratasi cha Sista Mkuu."

Kikaratasi! Mama Machela alimfuata Sista Mkuu mpaka nyuma ya pazia la mtu anayeshonwa kidonda. Akaeleza kwa pumzi moja: mzee wa pumzi, akae, kiti, machela, paa, pikapu. Sista Mkuu alimtazama juu ya miwani kama anayesoma bei. Halafu akavua glavu, akatoka mpaka dirishani, akashika mgongo wa kiti akaanza kuvuta. Karani akashika meza. Kiti kikasogea na karani wake juu yake, meza ikasogea nayo, wino ukamwagika kwenye daftari la majina.

"Sista! Sista, heshima basi!"

"Shuka kwa heshima basi."

Akashuka. Wakamkalisha babu, mablanketi nyuma ya kiuno, mikono yake juu ya mikono ya kiti, mpira wa oksijeni ukirefushwa kwa kuvuta mtungi. Baada ya muda mfupi tu ile filimbi ya kifua ilipungua, na mzee akasema maneno matano mfululizo bila kupumzika. Mama Machela hakuyasikia. Alikuwa anakimbiza machela mlangoni, gurudumu moja linalia kama mtoto.

Dakika ishirini zilikuwa zimeliwa na kiti.

Barabarani king'ora kililia mpaka mtu akakichukia. Gari dogo lililokuwa mbele lilisogea pembeni kwa adabu, kisha likarudi nyuma ya ambulensi na kuifuata mgongoni ili lipite foleni bure. Mwingine hakusogea kabisa. Alikuwa amefungua kioo, anaongea na simu. Mama Machela akatoa kichwa dirishani. "Wewe baba! Siku yako ikifika nitakuja kukuchukua nikitembea!" Yule bwana akapunga mkono, akidhani anasalimiwa.

"Shemeji, uko?"

"Niko. Vidole vinauma."

"Viache viume. Tuelekeze. Tumeshapita kituo cha mafuta."

"Njooni moja kwa moja, mtaona nyumba ya ghorofa yenye bati la bluu."

Wakaenda moja kwa moja. Wakatafuta bati la bluu. Wakaona bati jekundu, bati la kijani, bati lililoshika kutu. Taratibu akageuza gari, wakarudi, wakatafuta tena. Dakika tano zikapotea, kisha sita. Mwisho Mama Machela akauliza, kwa ile sauti ya chini anayoitumia akiwa amekasirika kupita kiasi, "Shemeji. Hilo bati la bluu liko wapi?"

"Liko hapa."

"Hapa wapi?"

"Chini. Limepangwa ukutani. Tulikuwa ndiyo tunalipandisha."

Taratibu alicheka mpaka akapiga honi bila kutaka. Mama Machela hakucheka. Mafundi bati ndivyo walivyo, nyumba wanaiona kwa paa lake, hata kama paa lenyewe bado liko ardhini. Akasema, "Tafuta nyumba isiyo na bati kabisa." Waliiona mara moja. Walikuwa wameshaipita mara mbili.

Walipoingia uani, pikapu ilikuwa imeshageuzwa mkia, godoro limetandikwa, na wanaume wanne wameinama kuzunguka mtu aliyelala chini. Shemeji alikuwa amekaa kwenye mchanga, kijana mwembamba mwenye vumbi la saruji kwenye nyusi, viganja vyake vimekibana kichwa cha fundi kama mtu aliyeshika sufuria ya moto asiyetaka kumwaga. Msimamizi alikuwa amesimama kando, anajifunga kitambaa mkononi.

"Ameniuma!" akamwambia Mama Machela kabla hata ya salamu. "Huyu mwehu ameniuma mkono!"

"Mikono yangu ilikuwa na kazi," shemeji akasema bila kuinua macho.

"Nyie wote, simameni mrudi nyuma! Toeni mikono chini yake! Polepole. Wewe usimvute, toa tu mkono."

"Mama, tunasaidia," mmoja akasema, amenuna. Alikuwa na kikombe cha maji mkono wa pili.

"Najua mnasaidia. Ndiyo maana nina haraka. Hayo maji kunywa wewe."

Akapiga magoti. Fundi alikuwa mwanamume wa makamo, uso umelowa jasho, macho yametazama mawinguni kama alivyoagizwa. Hewa: inaingia, inatoka, pande zote mbili za kifua zinapanda. Damu: mkwaruzo wa kiwiko tu, na tumbo laini. Akamfunga shingoni kola ngumu ya kuzuia shingo isigeuke, huku shemeji ameshika vile vile. Halafu akavua kiatu cha fundi, akamchora wayo kwa ncha ya ufunguo.

"Nafanya nini hapa chini?"

"Hufanyi kitu," fundi akasema.

Akachora tena, kwa nguvu. "Na sasa?"

"Mama, miguu yangu iko wapi?"

"Iko hapa, naiona."

"Mimi siioni."

"Huwezi kuiona, umekatazwa kuinua kichwa. Tulia."

Wakaifungua machela katikati. Nusu ikapita kushoto, nusu kulia, zikakutana chini ya mgongo wake kwa mlio mdogo wa kufunga. Mama Machela akawaita wale wanne waliokuwa wamenuna, akawapanga mmoja mmoja, maana msaada wao sasa ulikuwa na pa kwenda. "Tunainua nikisema tatu. Si mbili, si nne. Na anayetaka kukohoa akohoe sasa." Mmoja akakohoa kweli. Wakainua. Fundi akaingia garini amenyooka kama rula, na shemeji anatembea naye kinyumenyume, ameinama, kichwa mikononi, kwa kuwa vizuizi vya sponji havikuwepo na hakukuwa na kingine cha kuchukua nafasi yake.

Ndani ya gari shemeji alipiga magoti sakafuni. Kwenye kila tuta Taratibu alipanda na kushuka kama anapita juu ya mtu aliyelala, na kwa mara ya kwanza tangu wafanye kazi pamoja Mama Machela alimwambia, "Taratibu zaidi." Dereva akamtazama kwenye kioo, asiamini masikio yake.

"Shemeji," fundi akasema, "nikipona nitakulipizia. Ulinibana masikio."

"Pona kwanza."

"Dada yangu ukimwambia nimeanguka, mwambie ngazi iliteleza. Usimwambie nilikuwa nachezea simu."

"Kwako ni dada, mimi ni mume wake. Nitamwambia ukweli."

Fundi akajaribu kucheka, akakunja uso. Mama Machela alikuwa ameshika wayo wake muda wote, anachora na ule ufunguo, anasubiri. Hakuna kitu.

Saa tano na nusu walikuwa mapokezi. Sista Mkuu aliwaona mlangoni, akanyoosha mkono kwenye kona moja.

"Kuna godoro pale chini, limepatikana sasa hivi. Mhamishieni hapo, uchukue machela yako uende. Umeona? Leo sikucheleweshi hata dakika."

Mama Machela alilitazama godoro. Lilikuwa laini, limebonyea katikati kama bakuli. Akaitazama machela. Miaka kumi na tisa alikuwa anangoja kuambiwa maneno hayo mlangoni pale.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Huyu hashuki. Mpaka apigwe picha ya mgongo na daktari amwone. Atabaki juu ya hili bao."

"Wewe! Wewe mwenyewe! Asubuhi umenigeuzia korido yangu soko kwa ajili ya kitu hiki hiki!"

"Najua."

"Na wa picha hayupo, amekwenda kumchukua mtoto shule. Anarudi saa saba."

"Basi machela inabaki mpaka saa saba."

"Na simu ikilia?"

Hasira ilikuwa imempanda Mama Machela, na hakukuwa na mtu wa kumtemea. Si Sista Mkuu, si huyu fundi, wala yule mtu wa picha mwenye mtoto shuleni. Ilibaki ile karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa gari, na karatasi haisikii tusi.

Daktari alikuja saa sita na robo, mwanamke kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi. Akaleta mifuko miwili ya dripu iliyojaa, akaibana pembeni mwa kichwa cha fundi, akaifunga kwa plasta kupita kipaji cha uso. "Vizuri. Ndugu, unaweza kuachia sasa."

Shemeji hakuachia.

"Ndugu, achia."

"Niliambiwa mpaka Mama Machela," shemeji akasema.

"Achia, mwanangu," Mama Machela akasema.

Vidole havikufunguka. Vilikuwa vimekaa muda mrefu mno. Ilibidi aviondoe kimoja kimoja, yeye mwenyewe, kama mtu anayetoa khanga kwenye miba, na kila kidole kilipotoka shemeji alifumba macho. Alipomaliza, mikono ile ilibaki hewani imeviringa, ingali na umbo la kichwa cha mwenzake.

Daktari akasogea miguuni. Akabonyeza, akagonga goti, akachora wayo. "Jaribu kusogeza vidole."

"Nasogeza," fundi akasema.

Hakuna kilichosogea.

"Jaribu tena. Usikaze mwili. Kidole gumba tu."

Fundi akavuta pumzi. Mishipa ya shingo ikasimama. Mama Machela aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa ule mguu, na hapo, mguu wa kushoto, kidole gumba kilitikisika. Kilikuwa kitu kidogo mno, kama nzi aliyetua akaondoka. Kikatikisika tena.

"Mmeona?" daktari akauliza. Akaandika, akaandika mengi. "Uti haujakatika. Umebanwa. Atahitaji kufanyiwa upasuaji, na sitakudanganyeni kwamba atapanda paa mwakani. Lakini mngemleta amekunjwa, haya maongezi tusingekuwa nayo."

Shemeji akaketi sakafuni, mikono yake iliyoviringa mapajani, akaanza kulia bila sauti. Mama Machela alitamani kukaa naye. Badala yake alisimama pale pale akiwa amekunja uso. Kidole kimoja. Asubuhi nzima ya kugombana na watu wema, kiti, daftari lenye wino, bati lililoko chini, foleni na pikapu, na kilichopatikana ni kidole kimoja cha mguu wa kushoto. Dakika zote zile zilizoliwa, nani ajuaye? Huenda zilikuwa na kidole cha pili ndani yake. Huenda zilikuwa na mguu mzima.

Akatoka nje. Taratibu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma ya gari, mlango wazi, ndani pamebaki mahali patupu palipo na reli mbili za machela.

"Kimetikisika kidole," akamwambia.

"Alhamdulillahi."

"Usiniambie alhamdulillahi. Machela imebaki ndani."

"Najua. Nimeona umetoka mikono mitupu."

"Mpaka saa saba. Na wa picha akichelewa, saa nane."

Taratibu akasogea kidogo kumpa nafasi kwenye ngazi. Mama Machela hakukaa. Alitoa kalamu mfukoni, akaenda mlangoni mwa gari kwenye ile karatasi ya mkubwa wao, na kwa herufi zake kubwa zinazopanda na kushuka akaandika chini yake: YA PILI IKO WAPI. Akaweka alama ya kuuliza, akaikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Halafu akaibandua yote, akaikunja, akaanza kutembea kuelekea ofisi ya mkubwa, kwenye ule mlango ambao aliwahi kusimama siku tatu.